Jumba lililogeuzwa uso: Hôtel de Soubise mjini Paris

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa Lamu, niko Ufaransa kwa masomo. Nikitembea katika mtaa wa Marais, Paris, niliingia kwenye ua mkubwa uliozungukwa na nguzo, na mwisho wake nikaona jumba lenye sanamu. Kibao kilisema Hôtel de Soubise, lakini ndani hapana chumba cha kupangisha. Niliambiwa ni mahali panapotunzwa nyaraka za taifa. Nilipozunguka kona nilikuta lango la kale lenye vinara viwili, lisilofanana na jumba lile hata kidogo, nikaambiwa ni nyumba hiyo hiyo. Kwa nini inaitwa hoteli, watu waliishije ndani yake, na kwa nini nyumba moja ina nyuso mbili?"

Jibu: Marahaba. Umeuliza mambo matatu, lakini nyumba za namna hii zote husomwa kwa kuifuata njia anayopita mgeni tangu barabarani hadi kwenye kitanda cha mwenye nyumba. Anayejua njia hiyo inaanzia wapi na inakomea wapi huelewa jina, maisha na hata zile nyuso mbili.

Jina kwanza, kwa kuwa halina mengi. Neno la Kifaransa hôtel limetokana na la Kilatini hospitale, lililohusu kupokea wageni, na kwenye shina hilo ndiko yalikotoka pia maneno hospitali na hoteli tunayoyatumia sisi. Katika Ufaransa ya zamani lilimaanisha makazi ya mjini ya bwana mkubwa, pamoja na jamaa, makarani, watumishi na farasi wake. Hadi leo Hôtel de Ville ni makao ya halmashauri ya mji, na Hôtel-Dieu ni hospitali kongwe ya Paris iliyo jirani na kanisa la Notre-Dame. Majina hayo yote hayahusu nyumba ya kulala wasafiri. Nyumba ya mtu binafsi wa tabaka la juu iliitwa hôtel particulier, na neno palais kwa kawaida liliachiwa mfalme, watu wa damu yake na maaskofu. Maana ya nyumba ya kulala wasafiri ilikuja kulitawala neno hilo baadaye, nasi tukaligeuza mara nyingine, maana kwetu mtu huenda hoteli kunywa chai kisha akarudi kulala kwake.

Lango uliloliona kando, katika rue des Archives namba 58, ndilo kongwe kuliko vyote vilivyosimama pale. Olivier de Clisson, bwana wa Bretagne aliyefanywa jemadari mkuu wa majeshi ya mfalme mwaka 1380, alianza kujenga makazi yake mahali hapo mwaka 1371. Kilichosalia ni tao lililochongoka na vile vinara viwili vilivyochomoza ukutani bila kufika chini, kila kimoja na paa lake la umbo la pia. Ni miongoni mwa mabaki machache sana ya nyumba za watu wa karne ya 14 mjini Paris. Usidhani kwamba vinara hivyo vilikuwa pambo tu. Usiku mmoja wa Juni 1392 Clisson, akirejea kutoka kwenye karamu ya mfalme, alivamiwa barabarani na Pierre de Craon na watu wake, akaachwa wakiamini amekufa, naye akapona. Mfalme Charles wa Sita aliondoka na jeshi kwenda Bretagne kulipiza kisasi, na ilikuwa katika safari hiyo, karibu na Le Mans, ndipo alipopatwa kwa mara ya kwanza na wazimu uliomwandama maisha yake yote. Katika mji wa namna hiyo, mlango wa bwana mkubwa ulijengwa kama mlango wa ngome.

Mwaka 1553 nyumba ilinunuliwa na François de Guise na mkewe Anne d'Este. Nasaba ya Guise ndiyo iliyoongoza upande wa Wakatoliki katika vita vya dini vya Ufaransa, na jumba likawa makao makuu ya siasa zao, kukiwa na kanisa dogo la nyumbani lililopambwa kwa michoro iliyobuniwa na Mwitaliano Primaticcio. François aliuawa mwaka 1563. Mwanawe Henri aliuawa ndani ya kasri la mfalme huko Blois mwezi Desemba 1588. Waliobaki waliishi kwa utulivu zaidi, na wa mwisho wao, Marie de Lorraine, aliyefariki mwaka 1688, anakumbukwa zaidi kwa kumpa makazi mtunzi wa muziki Marc-Antoine Charpentier kuliko kwa mapanga ya babu zake. Ninakutajia haya kwa sababu moja: hadi mwisho wa enzi ya Guise, njia ya kuingilia ilibaki ile ile ya Clisson, kutokea magharibi, kupitia barabara nyembamba.

Kufikia wakati huo nyumba za wakubwa wa Paris zilikuwa zimeshapata sura nyingine kabisa. Tangu mwishoni mwa karne ya 15, Hôtel de Cluny, iliyojengwa na abati (mkuu wa watawa) wa Cluny, ilikuwa imejitenga na barabara kwa ukuta na ua. Hôtel Carnavalet, iliyoanza kujengwa mwaka 1548, ilinyoosha mpango huo, na Hôtel de Sully ya miaka ya 1620 ikaufanya karibu kuwa kanuni: barabarani lango la magari ya farasi, nyuma yake ua wa heshima, mwisho wa ua jengo kuu la makazi, nyuma ya jengo, bustani. Wafaransa husema nyumba imekaa kati ya ua na bustani. Mbavu mbili za ua zilikuwa na jiko na mazizi, au, kwa waliojaliwa nafasi, mambo hayo yalihamishiwa kwenye ua mdogo wa pembeni ili harufu ya samadi na ya vitunguu isiwafikie wageni.

Tofauti yake na nyumba ya mfanyabiashara ilikuwa dhahiri hata kwa mpita njia. Mfanyabiashara alikaa juu ya duka lake na dirisha lake lilitazama barabara. Mwenye cheo alirudi nyuma, akaipa barabara ukuta na lango tu. Utajiri wake ulipimwa kwa ardhi ya mjini aliyoweza kuiacha tupu. Kisha likaja gari la farasi, ambalo katika karne ya 17 lilikuwa sehemu ya heshima ya mtu kama lilivyo vazi lake, na gari likadai lango pana na ua wenye nafasi ya kugeuzia farasi. Ndiyo maana ukiangalia mwisho wa ua wa Soubise, upande wa barabara, utaona umepindwa kama kwato ya farasi badala ya kukatwa mraba.

Sasa tunafika kwenye mwaka 1700, François de Rohan, bwana wa Soubise, na mkewe Anne de Rohan-Chabot walipoinunua nyumba ya Guise. Cheo chake kiliitwa prince, ambacho hapa hakimaanishi mtoto wa mfalme bali mkuu wa nasaba iliyodai heshima inayokaribia ile ya watawala wa kigeni. Rohan walikuwa wakali mno juu ya heshima hiyo, na fedha za kuitunza, kwa maneno ya wambea wa kasri, zilitokana na mapenzi ya zamani kati ya bibi huyo na Mfalme Louis wa Kumi na Nne. Walichonunua kilikuwa kikubwa na kilikuwa na jina, lakini kilikuwa kimepitwa na wakati: mlango wa ngome, vyumba vilivyoungwaungwa, wala hapakuwa na ua wa kumshusha mgeni garini kwa taadhima.

Kazi ilikabidhiwa kijana ambaye hajafika hata miaka thelathini, Pierre-Alexis Delamair. Jibu lake ndilo jibu la swali lako la tatu. Kusini mwa nyumba, kuelekea barabara ambayo siku hizi ni rue des Francs-Bourgeois na wakati ule iliitwa rue de Paradis, palikuwa na uwanja ambao Guise waliutumia kufundishia farasi. Delamair hakuibomoa nyumba ya kale; aliigeuza. Alichukua ubavu wake wa kusini, akaubandika uso mpya wa mawe, na ule uwanja wa farasi akaufanya ua wa heshima. Kwa robo mzunguko, nyumba iliyokuwa ikitazama magharibi ikawa inatazama kusini, na lango la Clisson, lililokuwa mbele kwa zaidi ya karne tatu, likajikuta pembeni. Kwa hiyo hukuona nyumba mbili: uliona nyumba moja kutoka kwenye mwanzo wa njia mbili, ile ya mwaka 1371 na ile ya miaka ya 1705 hadi 1709.

Ua huo una nguzo 56, zilizosimama mbili mbili, zikibeba baraza yenye paa la bapa lililozungushiwa ukingo wa vijiguzo. Wengi huona ukarimu tu katika nguzo hizo. Mimi naona pia ujanja. Viwanja vya Marais vilikuwa vimekatwakatwa kwa karne nyingi na kuta za majirani hazikunyooka, na baraza hii iliwekwa kama pazia, ikimpa mgeni umbo kamili la ua hata kama nyuma yake mambo hayajakaa sawa. Uso wa jumba nao umejengwa kwa nguzo pacha za ghorofa mbili katikati, pembetatu ya mawe juu yake, na sanamu za Majira Manne za Robert Le Lorrain zikiwa zimesimama usawa wa ghorofa ya kwanza. Unapendeza sana ukiwa langoni. Ukiukaribia na kukumbuka kuwa nyuma yake kuna kuta za Guise, unaanza kuuona kuwa mwembamba, kama barakoa iliyoshonwa vizuri. Hata bustani haikukaa nyuma ambako kanuni inaitaka, kwa kuwa nyuma ndiko iliko nyumba ya kale. Iliwekwa pembeni, ikaunganishwa na bustani ya jumba jirani.

Jumba hilo jirani ni Hôtel de Rohan, nalo Delamair alilijenga wakati huo huo kwa ajili ya mtoto wa wanandoa hao, Armand Gaston de Rohan, aliyekuwa Askofu wa Strasbourg tangu mwaka 1704 na Kardinali tangu mwaka 1712. Ukipata nafasi, ingia kwenye ua wake wa mazizi uangalie, juu ya mlango, Farasi wa Jua waliochongwa na huyo huyo Le Lorrain: wanatoka ukutani kama wametoka mbioni, mmoja akinyweshwa maji kwenye kombe kubwa. Kwa maoni yangu, mchongo huo wa zizi unaushinda uso wote wa jumba la wazazi, na ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba farasi walihudumiwa vizuri kuliko mabwana.

Kuhusu maisha ya ndani, wewe uliyekulia Lamu una faida ambayo wanafunzi wangu wengi hawana. Unajua kwamba nyumba ya mawe ya kwenu haimpi mpita njia kitu isipokuwa ukuta na mlango. Mgeni huketi dakani, wa karibu zaidi huingia kiwandani, kisha misana hufuatana hadi ndani kabisa, na nakshi za chokaa na zidaka huongezeka kadiri mtu anavyoingia. Nyumba ya Kifaransa nayo ni mfululizo wa hatua. Mgeni alipanda ngazi kuu, akapita chumba cha kwanza cha kungojea walimokaa watumishi wa sare, akapita cha pili alimongojea mwenye hadhi zaidi, akafika kwenye chumba cha kulala cha fahari, na nyuma ya hicho vikafuata vyumba vidogo vya faragha. Milango yote ilipangwa katika mstari mmoja karibu na madirisha, ili ikifunguliwa jicho liende hadi mwisho wa nyumba, na kila mtu alijua ni mlango upi ambao yeye hastahili kuuvuka. Tofauti kubwa na kwenu ni kitanda. Lamu huficha kitanda. Paris ya wakati ule ilikiweka nyuma ya uzio mdogo kama kitu cha kutazamwa, na chumba chenyewe kilikuwa ukumbi wa kupokelea wageni wa heshima. Mwenye nyumba mara nyingi alilala kwingine, kwenye chumba kidogo chenye joto.

Mume na mke walikuwa na vyumba tofauti, kila mmoja na mfululizo wake kamili. Hapo ndipo anapoingia mtu wa pili wa historia hii, Germain Boffrand. Bwana mpya wa nyumba, Hercule-Mériadec de Rohan, mtoto wa wanunuzi wa mwaka 1700, alioa mara ya pili mwaka 1732 akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini. Mke, Marie-Sophie de Courcillon, alikuwa mjane wa miaka kumi na tisa. Delamair alikuwa ameshawekwa kando, akiwa na uchungu wake, na Boffrand, mzee aliyefunzwa katika karakana ya msanifu wa Versailles, Jules Hardouin-Mansart, akaombwa kupanga vyumba vya bwana chini na vya bibi ghorofani. Kwenye pembe ya jengo alijenga banda la ghorofa mbili lenye kumbi mbili za umbo la yai, moja juu ya nyingine.

Ukumbi wa bibi, ulio juu, ndio sababu wanafunzi wa usanifu wa dunia nzima hufika pale. Ukuta wake umegawanywa kwa matao manane yaliyolingana, na ndani ya matao hayo kuna mlango, madirisha na vioo, vikipokezana kiasi kwamba kwa dakika chache za mwanzo hujui kipi kinatazama bustani na kipi kinakurudishia bustani hiyo hiyo. Juu, kati ya tao na tao, Charles-Joseph Natoire alichora kati ya mwaka 1737 na 1739 picha nane za hekaya ya Psyche, binti aliyependwa na mungu wa mapenzi asiruhusiwe kumwona uso. Kingo za picha hizo hazikunyooka. Zinapinda, zinashuka ukutani na kupanda darini, na kutoka hapo nakshi za dhahabu zinatambaa kama lesi juu ya rangi ya samawati hadi katikati. Tafuta mstari unaotenganisha ukuta na dari: Boffrand ameufuta. Hiyo ndiyo rokoko, mtindo wa nakshi nyepesi zinazopindapinda, katika ukamilifu wake. Waliokuja baada yake waliidharau kwamba ni upuuzi wa makombe na majani, lakini hesabu iliyo chini ya nakshi hizo ni kali mno. Toa dhahabu yote, na yale matao manane yatabaki yamesimama kwa nidhamu ile ile.

Ukumbi wa bwana, ulio chini, hauna picha. Umepambwa kwa sanamu za plasta zilizochomoza, zinazowakilisha sanaa na elimu, nao ni mtulivu zaidi, pengine kwa kuwa wa mzee. Katika vyumba vingine walifanya kazi Boucher, Carle Van Loo, Restout na Trémolières, hasa kwenye picha za juu ya milango, kwa hiyo mtu akizunguka nyumba hiyo anakutana na karibu wachoraji wote waliokuwa na jina Paris ya miaka ya 1730.

Hali hiyo haikudumu. Mrithi, Charles de Rohan, mjukuu wa Hercule-Mériadec, ni yule jemadari aliyeshindwa vibaya na Frederick wa Prussia huko Rossbach mwaka 1757. Mkwe wake, wa tawi la Guéméné la ukoo huo huo, alifilisika mwaka 1782 akiwa na deni la zaidi ya livre (fedha ya Ufaransa ya wakati ule) milioni 30. Na Charles mwenyewe alifariki mwaka 1787. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, samani zilitawanyika. Tarehe 6 Machi 1808 Napoleon alitoa amri majumba yote mawili yawe mali ya serikali: Soubise liwekewe nyaraka, na Rohan lipewe mitambo ya kupigia chapa ya taifa, ambayo ilikaa humo hadi miaka ya 1920. Nyaraka zilihifadhi nyumba na pia zikaila. Ngazi kuu ya karne ya 18 ilitoweka, vyumba vidogo vingi vya faragha vikafanywa stoo, na majengo mapya ya kuhifadhia makaratasi yakaongezwa nyuma katika karne ya 19. Hata hivyo, nyumba nyingi za tabaka hilo ambazo hazikupata kazi ya serikali leo ni majina tu katika vitabu, kwa hiyo sina ugomvi na makarani wale.

Ndiyo sababu ulipoingia hukukuta mapokezi ya wageni. Tangu mwaka 2013 nyaraka nyingi za baada ya mwaka 1790 zimehamishiwa Pierrefitte-sur-Seine, kaskazini mwa Paris, na za enzi ya wafalme zimebaki Marais. Humo pia kuna kabati la chuma linalotunza vitu ambavyo taifa haliwezi kuvipoteza, ikiwemo mita ya asili ya platini ya mwaka 1799 iliyokuwa kipimo cha urefu wa mita zote.

Ukirudi, usirudie njia yako ya kwanza. Ukiwa uani, toka kwa lango la nguzo, pinda kulia hadi kona ya rue des Archives, pinda kulia tena na upande taratibu mpaka ufike mbele ya vile vinara. Kisha vuka barabara usimame mwanzo wa rue de Braque, uchochoro unaoliangalia lango la Clisson uso kwa uso. Ukisimama hapo ua wa nguzo hauonekani kabisa, na tao lile linakaa katikati ya mwisho wa uchochoro, mahali hasa ambapo mtu aliyekuja kwa farasi mwaka 1380 alitarajia kulikuta.